Sadfa si ushahidi

"Ile pesa ya nyumba tuma kwa hii namba." Meseji kama hii ikikupata Umoja ama Kayole tarehe 5, simu mkononi ukilipa kodi, utajiuliza: amejuaje? Hajui kitu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tapeli ametumia watu 1,000. Tuseme 4 kati ya kila 10 hawajalipa kodi: ni 400. Kati yao, mmoja kwa kila 20 analipa saa hiyo hiyo: ni 20. Hao ndio wataona meseji ni ya kweli kabisa. Wengine 980 watafuta tu.

Kwa hivyo, tusiamini meseji kwa sababu imekuja wakati unaofaa. Mpigie mwenye nyumba kwanza, kwa namba yake ya zamani.