Kichwa Kidogo cha Gari Moshi Kilichokwenda Vitani

Yako maneno yasemayo: usione wembamba wa reli, gari moshi linapita. Juma hili tutazame ukweli wake.

Hercules ni kichwa cha gari moshi la mvuke kilichoundwa mwaka 1927 katika kiwanda cha Davey Paxman, mjini Colchester, Uingereza. Reli yake ina upana wa inchi 15 tu, yaani sentimeta 38 hivi. Ilijengwa na Kapteni J. E. P. Howey katika pwani ya Kent, ikafunguliwa Julai 1927 ili watu watembee na kujifurahisha. Mhandisi wake alikuwa Henry Greenly.

Vita Kuu ya Pili vilipowaka, pwani hiyo ikawa inamkabili adui ng'ambo ya mlango wa bahari. Mwaka 1940 jeshi likaitwaa reli. Hercules kikavikwa mabamba ya chuma, kikafungiwa mabehewa mawili yenye bunduki za rashasha na za kupigia vifaru, kikawa kinalinda ufuo. Baadaye reli hiyo ilichukua vifaa vya mabomba yaliyopitishwa chini ya bahari kupeleka mafuta Ufaransa.

Kazi hiyo iliichakaza reli sana. Ilitengenezwa, ikaanza kupokea tena abiria mwaka 1946, na mwaka 1947 ikafika tena Dungeness.

Hercules kilivuliwa chuma, kikarudia kuvuta wazazi na watoto wao. Enyi askari na jamaa zenu, zamu ndogo nayo ni ulinzi. Na mwisho wa ulinzi ni amani ya nyumbani.