UMEME KATIKA TANGI LA FOSFETI: FAIDA NI YA NANI?



Ninyi mnaopaka vyuma rangi mnajua kwamba chuma kitupu hakishiki rangi vizuri. Kwanza huchovywa katika tangi la asidi yenye fosfeti, kikapata ngozi ya kijivu inayozuia kutu. Mwingereza Coslett alipata hati ya uvumbuzi wa kazi hiyo mwaka 1906. Siku zile maji ya tangi yalikuwa ya kuchemka, na chuma kilikaa humo kwa muda mrefu.

Sasa iko njia ya kuharakisha kazi kwa umeme. Chuma hufungwa upande wa hasi. Gesi ya haidrojeni hutoka juu ya chuma, ukali wa asidi hupungua mahali hapo, na fosfeti huganda upesi, hata moto ukiwa mdogo.

Mimi siipingi njia hii. Moto ukipungua, mvuke nao hupungua. Lakini haidrojeni hulipuka ikikutana na cheche, na mapovu yake hurusha matone ya asidi hewani. Basi kabla umeme haujawashwa, tudai feni ya kuvuta hewa, glavu, miwani na mafunzo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Tuitumie!

Tena, dakika zinazookolewa si mali ya tajiri peke yake. Akitaka vyuma vingi zaidi kwa siku, kwanza azungumze na chama juu ya mishahara.

Umoja ni nguvu.