Mabawa Hayatamwokoa Ndege wa Zaraninge

Ukitaja msitu hapa Lugoba, hoja za kukunyamazisha hazichelewi. Nazijibu kwa ajili ya ndege mmoja mdogo, Anthus sokokensis, ambaye shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Duniani kote anaishi kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kwetu yumo Zaraninge na Pugu.

Wanasema ndege ana mabawa, atahama. Ahamie wapi? Huyu hula wadudu anaowaokota chini, kwenye majani makavu, kivulini. Ukitoka Zaraninge kuelekea Pugu unakuta mananasi ya Kiwangwa, barabara na viwanja. Hapo hana chakula wala maficho.

Wanasema kijani bado kimejaa toka Msata hadi Wami. Kijani hicho kwa sehemu kubwa ni vichaka na machipukizi. Msitu wake ni miti iliyofungana juu.

Wanasema Zaraninge imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani tangu 2005. Ni kweli, na ni heri. Lakini ndege aliyebakiwa na vipande vichache hawezi kutegemea kimoja tu.

Hoja nzito ni ya riziki: mkaa unalisha watoto, nanyi mnajali ndege kuliko watu. Mchomaji namheshimu. Ndiye anayekesha akilinda tanuru, na ndiye anayepata kidogo kuliko dalali na muuzaji wa mjini. Jiko linalomaliza miti yetu liko Dar es Salaam. Watafiti waliofuatilia misitu kuanzia 1991 hadi 2005 walikuta uchomaji mkaa umesogea kutoka takriban kilomita 20 hadi 50 nje ya jiji, na wasaka mbao ngumu wakiwa mbali zaidi. Miti ikiisha, dalali anahamia kijiji kingine. Mchomaji anabaki na visiki. Huko Kilosa, vijiji vilitenga misitu yao ya miombo, vikakata kwa zamu vipande vidogo ili visiki vichipue, na ushuru ukajenga madarasa. Riziki ya namna hiyo ndiyo ya kudai. Isipelekwe tu kwenye msitu mnene wa pwani, ambao haustahimili shoka kama miombo.

Halmashauri za vijiji vya Lugoba, Miono na Mkange: tengeni misitu yenu kwenye mpango wa matumizi ya ardhi sasa, kabla dalali hajafika na bei yake.