Mwenyeji Asile Chakula cha Wageni

Jamani, hii tabia ya kuweka madirisha na mapambo kwenye seva ya kubebea mashine pepe itaisha lini? Kazi ya mwenyeji ni kuwapa wageni nafasi, si kula chakula chao.

Nimeijaribu Alpine Linux kwenye kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 4. Mfumo mtupu huchukua takriban MB 130 za diski. Nikaongeza QEMU na libvirt. KVM imo ndani ya kerneli tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007. Mashine pepe mbili za Debian zikasimama bila kulalama.

Najua mtasema: Alpine hutumia musl, kwa hiyo programu nyingi zilizotengenezewa glibc hugoma. Kweli, lakini hugoma kwa mwenyeji. Kila mgeni ana kerneli na maktaba zake mwenyewe, musl haimhusu.

Halafu bosi anaambiwa seva imechoka, pesa zitafutwe inunuliwe nyingine. Haijachoka! Imebebeshwa mizigo isiyo yake. Kabla hujamtuma bosi dukani, pakua Alpine, ni ya bure. Ukipinga, niletee vipimo, si maneno.