Aliyepona Kiharusi Aulizwe Mwenyewe

Mwezi uliopita nilimzuru mwalimu aliyenifunza Kiswahili katika shule ya upili. Kiharusi kilimpata miaka miwili iliyopita. Sasa anatembea bila mkongojo, anajilisha na kuvaa shati lake pasipo kusaidiwa, na hospitalini waliandika kwamba amepata nafuu kamili. Lakini mzee huyo, ambaye alikuwa akighani mashairi hadi darasa la jirani likanyamaza kumsikiliza, alinitazama, akafumbua kinywa, na neno likakataa kutoka. Alilia. Nami sikujua niangalie wapi.

Waama, hospitali haikukosea kwa mujibu wa kipimo chake. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965 na kutumiwa mno duniani, kina mambo 10: kula, kuoga, kunyoa na kuchana nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kwenda msalani, kuhama kitandani hadi kitini, kutembea na kupanda ngazi. Mwenye kuyamudu yote hupewa alama 100. Tafuta humo swali juu ya usemi au huzuni, hulioni. (Shangazi yangu, ambaye kijijini kwake hamna ghorofa hata moja, atajibu nini kuhusu ngazi?)

Sikidharau kipimo hicho. Muuguzi hukijaza kwa dakika chache na kujua iwapo mgonjwa aweza kujihudumia nyumbani. Ila walimu wanafahamu vyema kwamba mtahiniwa aweza kupata alama zote katika mtihani usiouliza lililo muhimu.

Mwaka 1999 Linda Williams na wenzake, huko Marekani, walitoa hojaji ya maswali 49 yanayogusa pia lugha, fikra, hisia, kazi na nafasi ya mtu katika jamaa yake. Je, aliyepoteza lugha ataijibuje? Aghalabu huulizwa mkewe au mwanawe, ilhali jamaa huelekea kuiona hali ya mgonjwa kuwa mbaya kuliko aionavyo mwenyewe. Ndiposa mwaka 2003 Katerina Hilari na wenzake, London, wakaitengeneza upya kwa ajili ya watu kama hao, ikawa na maswali 39.

Wanafunzi wa Kiswahili vyuoni, hii ni kazi yenu pia. Ketini na matabibu, myaandike maswali haya kwa Kiswahili kinachoeleweka Busia na Lamu, kisha mwaendee wagonjwa wenyewe.

Kabla ya kuaga nilimwuliza mwalimu wangu, polepole, kama angependa kurudi darasani, hata kuketi nyuma tu. Aliitikia kwa kichwa mara tatu. Hakuna fomu iliyopata kumwuliza hilo.