Kiyoyozi cha chumba cha miche Mutaho
Kukadiria kiyoyozi kwa mita za mraba, desturi inayoweza kufaa ofisi ya Bujumbura, hakufai chumba cha kukuzia miche ya migomba au viazi Mutaho, kwa kuwa joto kubwa humo hutoka kwenye taa: karibu umeme wote zinaoutumia huishia kuwa joto ndani ya chumba kilichofungwa, hivyo taa za wati 2,000 hudai takriban BTU 6,800 kwa saa, yaani kile kipimo cha joto kinachoandikwa kwenye viyoyozi, kabla ya kuhesabu feni na kuta. Mvuke wa majani hauongezwi juu ya hesabu hiyo, ingawa wengi huuongeza, maana maji hugeuka mvuke kwa joto lilelile la taa. Kinachobadilika ni kwamba sehemu ya nguvu ya kiyoyozi hutumika kukausha hewa. Tena, katika nyanda za Gitega, Mutaho iliko, zilizo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari au zaidi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo hubeba joto pungufu, na nguvu iliyotajwa na kiwanda haipatikani yote. Taa zikiwashwa usiku, baridi ya huko hufidia sehemu ya upungufu huo.