Jina Walilojipa na Jina Tulilowapa

Anayepanga chumba hapa Mulago hana budi kuzoea adhana, kengele na ngoma za madhehebu mbalimbali. Tunatambuana kwa majina ya dini: yule Mwislamu, wale Wasabato, huyu Mlokole. Walakini mara nyingi jina hutuzuia kuuliza, maana twadhani limekwisha kutueleza yote.

Nchi hii iliwahi kulipa gharama kubwa kwa ajili ya majina. Wakatoliki wa Buganda waliitwa Wafaransa, na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, kwa kufuata asili ya wamisionari waliowafundisha. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana huko Mengo, Waganda kwa Waganda, wengi wao pasipo kujua hata neno moja la Kifaransa. Sala ya mtu ilikuwa imegeuzwa utii kwa taifa la kigeni. Mwaka 1895 wakaletwa mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza, wakapewa kilima cha Nsambya, na sababu mojawapo ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba Mwingereza naye aweza kuwa Mkatoliki. Ajabu iliyoje, kuvusha mapadri bahari ili kusahihisha neno!

Habari za Wamalaki zatuhusu zaidi sisi wa Mulago. Hospitali yetu ilianza mwaka 1913. Mwaka uliofuata, chifu Joshua Kate, mwenye cheo cha Mugema, pamoja na Malaki Musajjakawa, wakaanzisha kanisa waliloliita Katonda Omu Ayinza Byonna, yaani Mungu Mmoja Mwenye Kuweza Yote. Kwao, kutumia dawa kulikuwa kumtilia shaka huyo Mwenye Kuweza Yote. Sikubaliani nao hata kidogo. Chanjo imeokoa watoto wasiohesabika. Lakini majirani waliwaita Wamalaki, na imani nzima ikawa kama mali ya mtu mmoja. Kukataa dawa kukakumbukwa, sababu yake ikasahauliwa. Mganga asiyejua jina lao la kwanza atazungumza habari za sindano, nao watamjibu habari za Mungu, wasikutane kamwe. Mwaka 1929 serikali iliwahamisha viongozi wao.

Si mambo ya kale tu. Katika foleni ya chanjo nilimsikia mama mmoja akiulizwa amefuata nini pale, ilhali watu wa dhehebu lake hawatibiwi. Mkononi alishika kadi ya mtoto, imejazwa chanjo zote. Hakujibu neno. Nachelea kwamba mwenye moyo mwepesi kuliko yeye angalirudi nyumbani, na mtoto angalikosa kinga kwa sababu ya uvumi.

Basi wazazi, mtoto akiuliza majirani ni watu gani, tumpe kwanza jina wanalojiita wenyewe, pamoja na maana yake. Hata hivyo tusiishie hapo. Mlokole maana yake ni aliyeokoka. Jirani hulisikia kama majivuno, ilhali desturi kubwa ya watu hao ni kuungama dhambi zao mbele ya wenzao.